Maswali ya Wasomaji: Kisima cha Wanyama na Sanduku la Kikundi

Swali la kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 22 hapa Muheza. Tunanunua machungwa kwa wakulima na kuyauza kwa wachuuzi wanaoyapeleka Dar es Salaam, na kila Jumatano tunakutana kuweka na kukopeshana fedha. Mwezi uliopita tuliletewa mwezeshaji wa mafunzo ya uongozi, akatufundisha siku mbili, akaandika ubaoni mgawanyo wa majukumu, mamlaka, udhibiti na uwajibikaji, nasi tukayanakili yote. Wiki iliyofuata niliwauliza wenzangu wamebaki na nini, mmoja akajibu kwamba amebaki na kalamu. Jioni hiyohiyo nilikuwa nawasimulia wanangu hadithi ya Sungura na kisima. Jirani yangu, ambaye pia ni mwanachama, alisimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Huyu Fisi ni mhazini wetu mtupu." Je, kanuni za usimamizi zinaweza kufundishwa kwa hadithi za watoto bila watu wazima kuona wamedharauliwa? Na nianze na hadithi ipi?

*Katibu wa kikundi, Muheza*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Anza na hiyohiyo ya kisima, kwa kuwa jirani yako amekwisha kuonyesha kwamba imempata. Sentensi yake moja ina mafunzo ya udhibiti kuliko ukurasa mzima wa daftari mlilonakili, ingawa ina hatari pia, nami nitairudia hatari hiyo baadaye.

Kwanza tumtendee haki mwezeshaji wenu. Maneno aliyoyaandika hayakutungwa na watu waliokaa kivulini. Mengi yanatokana na Henri Fayol, Mfaransa aliyeingia katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry mwaka 1860 akiwa mhandisi wa miaka 19, akakabidhiwa uongozi wa kampuni yake mwaka 1888 ilipokuwa inakaribia kufilisika, akainusuru, na mwaka 1916, akiwa mzee, akachapisha kanuni 14 alizoona zimemsaidia: kugawana kazi, mamlaka yanayokwenda pamoja na dhamana, nidhamu, kila mtu kupokea amri kwa mkubwa mmoja, na nyinginezo. Yeye mwenyewe alisema kwamba idadi hiyo haina utakatifu wowote. Alikuwa amepita mgodini miaka zaidi ya hamsini ndipo akafupisha. Ninyi mlipewa ufupisho kabla ya kupitishwa mgodini, na hapo ndipo hadithi inaposaidia, kwa sababu inampitisha msikilizaji katika tukio lenyewe kwa robo saa na kumwacha alitafutie jina yeye mwenyewe.

Sasa tuingie kisimani. Hadithi hii ina masimulizi mengi, lakini kiini chake hakibadiliki. Kiangazi kimekuwa kikali, mto umekauka, wanyama wanakutana na kukubaliana wachimbe kisima. Wote wanachimba isipokuwa Sungura, anayesema kwamba umande wa asubuhi unamtosha. Maji yanapatikana. Wanyama wanaamua kwamba asiyechimba asinywe, wanamweka Fisi awe mlinzi, na Sungura anakuja usiku na kibuyu cha asali. Mlinzi anaonjeshwa, anaomba zaidi, anaambiwa kwamba asali hii ni tamu mno kiasi kwamba mlaji sharti afungwe kamba kwanza. Anakubali kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga, anayachafua maji, anakwenda zake. Asubuhi wanyama wanamkuta mlinzi amefungwa, wanamkemea na kumweka mwingine mwenye nguvu zaidi, naye anafungwa vilevile. Mwishowe Kobe, ambaye hakuna aliyemdhania, anajitolea kupakwa ulimbo mgongoni na kujilaza ndani ya maji. Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, ananasa.

Watu wengi humaliza hapo na kuongeza funzo la uvivu. Nakusihi usilifanye hilo. Ukishatamka funzo, wanakikundi watatikisa vichwa kwa adabu kama walivyomtikisia mwezeshaji. Simamisha hadithi mapema, pale mlinzi wa pili anapokutwa amefungwa, unyamaze kidogo, kisha uulize: mlinzi wa kwanza alipofunguliwa kamba, aliulizwa nini?

Hakuulizwa kitu. Alikemewa, akaondolewa. Mlinzi wa pili alipokea zamu bila kuambiwa habari ya asali, kwa hiyo alikuja na nguvu nyingi zaidi na ujinga uleule. Wanyama walibadilisha mtu, njia ikabaki ileile. Nimewahi kuuliza swali hili mbele ya akina mama wanaouza samaki, na mmoja wao akasema pale pale kwamba kwao mhazini amebadilishwa mara tatu na hakuna hata mmoja aliyemkabidhi mwenzake daftari mezani, mbele ya watu. Hakuwa amesikia neno "makabidhiano" kama istilahi ya usimamizi, lakini alikuwa ameshalihitaji.

Swali la pili linarudi nyuma zaidi, kwenye mkutano wa mwanzo. Sungura alipokataa, kikao kilisema nini? Katika masimulizi yote niliyoyasikia, kikao kilicheka au kilinung'unika kikaendelea na jembe. Adhabu ilikuja kutungwa baada ya maji kupatikana, wakati ambapo kila mmoja alikuwa na hasira na Sungura alikuwa na kiu. Hebu jiulizeni katika kikundi chenu: sheria ya anayechelewa kurejesha mkopo iliandikwa lini, kabla ya mtu wa kwanza kuchelewa au siku aliyochelewa? Sheria inayotungwa siku ya kosa huwa na jina la mtu ndani yake hata kama haikuandika. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotunza kwa pamoja maji, misitu na malisho, na miongoni mwa mambo aliyoyakuta katika jumuiya zilizodumu ni kwamba watumiaji wenyewe hushiriki kutunga sheria, hulindana wao kwa wao, na adhabu huanza ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa. Kisima cha wanyama kilikosa la kwanza na la tatu.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na hapa usiwe na haraka. Kwa nini Kobe alifaulu? Wengi watasema ni mwerevu. Wabishie kidogo. Walinzi wa kwanza walichaguliwa kwa ukubwa wa mwili, utadhani Sungura atakuja kupigana mieleka, na kumbe kazi iliyotakiwa ilikuwa kukaa kimya, kuvumilia baridi ya maji na kutokuonekana. Kobe alifaa kwa kazi hiyo tangu kuzaliwa. Halafu angalieni ulimbo: haukutegemea Kobe awe mwaminifu au mwenye tamaa ndogo. Hata kama angeonyeshwa asali, Sungura angekuwa tayari amenasa. Hapo wapelekeni wenzako moja kwa moja kwenye sanduku lenu la Jumatano. Nadhani lina kufuli tatu, kama yalivyo masanduku ya vikundi vingi vya kuweka na kukopa, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti na yule anayetunza sanduku. Mwulize mwenye ufunguo kwa nini kuna kufuli tatu. Ikiwa atajibu kwamba ni kwa sababu hatuaminiani, basi bado hajafika. Kufuli tatu zipo ili mhazini mwaminifu asilazimike kuthibitisha uaminifu wake kila wiki mbele ya watu wenye shaka. Ule ni ulimbo wenu.

Sasa ile hatari. Jirani yako alisema Fisi ni mhazini wenu. Ukianza kikao kwa mtindo huo, utapata kicheko cha dakika moja na uadui wa mwaka mzima. Weka sharti kabla ya kusema "Paukwa": hakuna mnyama atakayepewa jina la mwanachama, na maswali yote yatahusu kazi, hayatahusu mtu. "Kazi ya kulinda ilipangwaje?" ni swali salama. "Nani kwetu ni Fisi?" ni kesi ya baraza la kata.

Kuhusu kudharauliwa, sioni sababu ya hofu. Watu wazima huona wamedharauliwa wanapoambiwa "sasa nitawasimulia hadithi ya watoto yenye mafunzo." Usitangaze lolote. Sema "Paukwa!" kwa sauti ya mamako, wao wenyewe watajibu "Pakawa!" kabla hawajakumbuka kwamba ni wajumbe wa mkutano. Tenga dakika arobaini, si zaidi, na robo saa ya mwisho iwe ya kuandika jambo moja tu mtakalobadilisha Jumatano ijayo. Moja linatosha. Na ukiweza, msimulie mwishowe mwezeshaji yule naye. Huenda akafurahi kuona maneno yake ya ubaoni yamepata miguu.

Swali la pili

Salamu sana Mwalimu. Ninasimamia zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate Mombasa, nina wafanyakazi 11. Nilijaribu kuwasimulia visa vya Sungura wakati wa mapumziko, nikitaka kuwafundisha kushirikiana, lakini wao walimshangilia Sungura kila alipowadanganya wenziwe. Je, visa hivi havifundishi ujanja na wizi? Pili, shida yangu kubwa ni kwamba unga ukiungua au mikate ikiharibika kila mtu anamsukumia mwenzake. Kuna hadithi ya kutibu ugonjwa huo?

*Msimamizi wa zamu, Mombasa*

Jibu

Ndugu yangu, kuhusu Sungura nitakujibu kwa ufupi. Sungura ni mkaguzi wa hesabu asiyelipwa. Kila anapopita, pana mlango uliokuwa wazi, na hadithi inakuonyesha ni upi. Wafanyakazi wako wakimshangilia, sikiliza wanashangilia nini hasa. Iwapo wanachekelea kwamba wakubwa waliamrisha walinzi bila kuwaeleza kitu, basi umepewa bure taarifa juu ya zamu yako, na ungeipata kwa shida kwenye kikao rasmi.

Kwa ugonjwa wa kusukumiana ninayo hadithi, na ni ya pwani yenu hii. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja. Mwalimu Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu likaanguka likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi baada ya kumzika wakaazimia kumtafuta muuaji. Wakashauriana, wakaona ni upepo wa Kusi, wakaukamata wakaupiga. Kusi akalalama: ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na kiambaza? Wakaenda kukipiga kiambaza, nacho kikasema: ningekuwa na nguvu, ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba inayomfunga, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe akamtaja inzi anayemsumbua, inzi akamtaja paa anayemla. Wakamwendea paa. Paa hakuwa na la kusema. Wakamwua.

Watoto huipenda kwa sababu ya mnyororo wake, na mtoto wa miaka sita anaweza kuikariri yote. Msimamizi inampasa aipende kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba uchunguzi wa wanafunzi wale ulikuwa mbovu kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, ijapokuwa mwishoni walimpata mhusika mwenyewe. Walianza kupiga ndipo wakauliza. Swali lao lote lilikuwa "nani", na anayeulizwa "nani" hujibu kwa kumtaja mwenye nguvu kuliko yeye. Majibu yale kumi hayana sababu hata moja ndani yake; yote ni udhuru. Na paa alihukumiwa kwa kuwa alinyamaza. Angekuwa na ulimi mwepesi, angemtaja chui, na wanafunzi wangekuwa njiani mpaka leo. Niliwahi kuisimamisha hadithi hii darasani, pale tu Kusi anapokamatwa, nikauliza wanafunzi wa Goso wangepaswa kufanya nini kwanza. Fundi cherehani mmoja aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi alijibu neno moja: "Kutazama juu."

Nina deni na hadithi hii, kwa hiyo nilipe. Zamani nilikuwa mtunza ghala katika chama kimoja cha wakulima. Usiku mmoja wa mvua za vuli ghala lilivuja, na magunia 36 ya mbolea yakalowa hadi yakawa uji. Meneja akaita kikao. Mlinzi alisema alikwisha kumwambia fundi. Fundi alisema aliomba mabati mawili na misumari, hakupewa. Mhasibu alisema hakuiona hati ya malipo. Karani alisema hati ilishatoka mikononi mwake. Mnyororo mzima ulikuwa wa kweli, na mwishowe mlinzi ndiye aliyekatwa mshahara, kwa kuwa hakuwa na mtu wa chini yake wa kumtaja. Kwetu pia kosa lilikuwa la paa, ila hili lilikuwa la mabati. Hati yenyewe ilikuwa imekaa katika droo yangu siku tisa, chini ya kitabu cha stakabadhi, ikisubiri sahihi yangu. Nilinyamaza kama yule paa wa mbuyuni, ila mimi sikuchinjwa.

Kama mtu angeuliza "kwa nini" badala ya "nani", angefika kwenye droo baada ya maswali manne, na angegundua jambo kubwa zaidi ya uzembe wangu: kwamba chamani hapakuwa na njia yoyote ya kujua hati ipo kwa nani na kwa muda gani. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota huko Japani, aliwazoeza watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano. Mfano wake maarufu ni wa mashine iliyosimama. Imesimama kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na mzigo. Mzigo umezidi kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Ekseli ya pampu imelika. Kwa nini imelika? Pampu haina chujio, vipande vya chuma vimeingia. Angeishia swali la kwanza, angebadilisha fyuzi, na mashine ingesimama tena baada ya siku chache. Tazama kwamba katika majibu yote matano hakuna jina la mtu.

Basi mkate ukiungua usiku wa leo, usimkamate Kusi. Kaa na watu wako mbele ya tanuri lenyewe lingali na joto, wala usiwaite ofisini, na muulizane mara tano. Jibu la kwanza linaweza kuwa la kipuuzi na la pili likawa la kujitetea. Vumilia. Mara nyingi kwenye la tatu ndipo mtu husema kwamba kipimajoto hakisomeki tangu mwezi uliopita na kila mmoja anakisia kwa mkono. Na wewe uwe tayari kusikia kwamba ombi la kipya limo katika droo yako.

Swali la tatu

Mwalimu, binti yangu ana miaka tisa. Ningependa aanze mapema kujifunza misingi ya usimamizi kupitia hadithi. Nimsomee ipi, na nimweleze vipi maneno magumu?

*Mzazi, Morogoro*

Jibu

Maneno magumu mwachie chuo, yatamkuta huko. Hadithi msimulie ya Mwewe na Kuku. Walikuwa marafiki, Kuku akaazima wembe wa Mwewe (wengine husema sindano), akaupoteza, na tangu siku hiyo Kuku huparua ardhi akiutafuta, naye Mwewe huchukua vifaranga kuwa fidia mpaka kifaa chake kirudi. Muulize tu marafiki hawa wangefanyaje ili wasigombane, halafu ukae kimya, maana watoto wana majibu mazuri kuliko yaliyo vichwani mwetu, wakipewa nafasi.

Nilimsimulia hadithi hii mjukuu wangu wa miaka minane, nikitumia sindano badala ya wembe. Hakumlaumu Kuku hata kidogo. Alitaka kujua kwa nini Mwewe hakusema siku ya kurudishiwa, na kwa nini alikuwa na sindano moja tu. Kesho yake nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jiko, imepigwa mistari kwa rula, yenye safu tatu: kitu, aliyechukua, siku ya kurudisha. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshajazwa: "Mkasi wangu. Bibi. Jumamosi." Niliurudisha Jumapili, na bado ninadaiwa maelezo.